Floraidi Katika Maji ya Mji: Amri Nyepesi, Kazi Nzito

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya kitu kidogo sana ambacho watu wengi hukinywa kila siku wala hawakijui. Kitu hicho huitwa floraidi, nacho kimo ndani ya maji. Katika nchi kadha wa kadha serikali na mabaraza ya miji yameamuru kitiwe katika maji ya mabomba, ili meno ya watoto yasioze. Amri yenyewe huandikwa kwa mistari michache tu. Lakini kuitimiza kumewashinda wengi, na baadhi ya walioitimiza wameiacha. Twataka kueleza kwa nini mambo yamekuwa hivyo, na sisi tukaao Afrika ya Mashariki tujifunze nini katika habari hii.

Kwanza yatupasa kujua floraidi ni nini. Ni namna ya chumvi ya madini itokayo katika mawe ya ardhi. Mvua ikisha kunyesha, maji huzama na kupita katika mawe hayo, na katika kupita kwake huchukua kidogo. Ndiyo sababu karibu maji yote ya visima na chemchemi yana floraidi, mengine kidogo mno, mengine kupita kiasi. Wataalamu huipima kwa miligramu katika lita moja. Miligramu moja katika lita moja ni kama sehemu moja katika sehemu milioni moja. Mfano wake ni chumvi ya chakula: mchuzi usio na chumvi haupendezi, na mchuzi uliozidi chumvi haulíki. Lakini mpishi anaweza kuonja mchuzi wake, na floraidi katika maji ya kunywa haionjeki. Haina rangi wala harufu, wala ulimi hautambui kama ni haba au kama imezidi. Tafadhalini shikeni neno hili, maana ndilo mzizi wa shida nyingi tutakazozitaja.

Habari ya floraidi haikuanza kwa dawa, bali kwa kilema. Mwaka 1901 mganga kijana wa meno, jina lake Frederick McKay, alikwenda kufanya kazi katika mji wa Colorado Springs, nchi ya Marekani. Akaona wenyeji wengi wana madoa ya rangi ya kahawia katika meno yao. Akachunguza miaka mingi, akisaidiwa na mwalimu mashuhuri wa uganga wa meno, G. V. Black wa Chicago. Wakatambua mambo mawili. La kwanza, madoa humpata mtoto wakati meno yake yangali yakiumbika ndani ya ufizi. Mtu mzima aliyehamia mjini hayampati. La pili, na hili liliwashangaza, meno hayo yenye madoa hayakuoza upesi kama meno ya watu wengine. Walishuku maji, lakini hawakuona kitu ndani yake. Ndipo mwaka 1931 mkemia H. V. Churchill alipopima maji ya mji wa Bauxite, katika jimbo la Arkansas, ambao wenyeji wake walikuwa na madoa yale yale, akakuta floraidi nyingi.

Baada yake H. Trendley Dean, wa idara ya afya ya serikali ya Marekani, alipima maji ya miji mingi na kuhesabu meno mabovu ya watoto wa miji hiyo. Akaona ya kuwa maji yenye kama miligramu 1 katika lita huyasaidia meno yasioze, na madoa yakiwapo huwa machache na mepesi. Basi tarehe 25 Januari 1945 mji wa Grand Rapids, katika jimbo la Michigan, ukawa mji wa kwanza duniani kutia floraidi katika maji yake kwa makusudi. Mji wa jirani, Muskegon, uliachwa bila kutiwa ili ilinganishwe miji yote miwili. Meno ya watoto wa shule karibu 30,000 wa Grand Rapids yakachunguzwa muda wa miaka 15. Ikaonekana kwamba kwa watoto waliozaliwa baada ya kazi hiyo kuanza, kuoza kwa meno kulipungua zaidi ya sehemu 60 katika 100. Watu wa Muskegon hawakungoja mwisho wa uchunguzi. Nao walianza kutia floraidi mwaka 1951.

Mtu akisikia habari hii husema, "Jambo jema hili, mbona lisifanywe kila mahali?" Ni swali la haki, na jibu lake lina sehemu tano.

Shida ya kwanza ni ya kiasi. Haiwezekani kuandika tarakimu moja katika sheria na kuitumia nchi nzima pasipo kupima kwanza, kwa kuwa kila maji yana floraidi yake ya asili. Kisima kimoja kina miligramu 0.2, na kingine, mwendo wa saa moja tu kutoka hapo, kina miligramu 3. Cha kwanza huenda kikahitaji kuongezwa, na cha pili chahitaji kupunguzwa. Tena kuna habari ya jua. Mtu wa nchi ya joto hunywa maji mengi kuliko mtu wa nchi ya baridi, na kwa hiyo humeza floraidi zaidi hata kama maji yao ni sawa. Wamarekani walilijua jambo hili, na mwaka 1962 wakaweka kipimo tangu 0.7 hata 1.2, kwa kadiri ya joto la kila mahali. Kwa hiyo kabla ya kutia hata punje moja, serikali yapasa kupima kila chanzo cha maji, wakati wa masika na wakati wa kiangazi, na kuandika hesabu yake. Kazi hii haina sifa wala sherehe, na ndiyo mara nyingi huachwa.

Shida ya pili ni ya mtambo na fundi wake. Floraidi itumiwayo sana katika miji mikubwa huja katika hali ya asidi, nayo ni kali hata hula kioo. Yahitaji matangi maalumu, chumba chenye hewa, mavazi ya kumkinga fundi, na pampu iimiminayo kidogo kidogo kwa kipimo sawasawa. Pampu hiyo lazima isimame papo hapo maji yanaposimama. Isiposimama, sumu hukusanyika. Jambo hili lilitokea kweli. Katika mwezi wa Mei 1992, kijiji kidogo cha Hooper Bay huko Alaska kiliharibikiwa na mtambo, na floraidi ikaingia katika maji kupita kiasi. Maji yalipopimwa, yalikutwa na miligramu 150 katika lita. Watu karibu 300 walikadiriwa kuugua, wakitapika na kuumwa tumbo, na mtu mmoja akafa. Ajali ya namna hii ni nadra sana, lakini yatufundisha jambo moja. Usalama wa maji haya haumo katika sheria, bali u mikononi mwa mtu mmoja ambaye kila asubuhi huchukua maji katika chupa, huyapima, na kuandika tarakimu katika daftari. Akiwa hakufundishwa, au akiwa amekwenda likizo na hakuna wa kushika zamu yake, sheria haina nguvu.

Shida ya tatu ni ya fedha na ya mabomba yenyewe. Hapa twaweza kutazama Afrika ya Kusini. Mwaka 1966 tume ya McKenzie ilishauri kwamba floraidi itiwe katika maji ya nchi hiyo. Miaka mingi ikapita. Mwaka 2000 serikali ikatangaza kanuni za kuwataka watoaji wa maji watie floraidi, kiasi kisizidi miligramu 0.7 katika lita. Hata hivyo kanuni hizo zilibaki katika karatasi. Sababu si ngumu kuziona. Maji ya nchi hiyo hutofautiana sana, mengine hayana floraidi ya kutosha, mengine yamezidi. Miji mikubwa ina mafundi, lakini miji midogo ilikuwa bado yahangaika kuyafanya maji yawe safi tu. Tena mtu achotaye maji mtoni au kisimani hapati faida yoyote ya floraidi iliyotiwa katika bomba la mji. Na mara nyingi mtu huyo ndiye maskini, ambaye hana mganga wa meno karibu. Hata mjini, maji mengi ya bomba hayanywewi. Huoshea vyombo, hufulia nguo, humwagilia bustani, na floraidi iliyolipiwa huenda pamoja nayo. Penye mji mmoja, mabomba kila nyumba, na idara moja yenye mafundi, kazi huwa rahisi. Singapore ilianza katika miaka ya 1950 na Hong Kong mwaka 1961, na miji hiyo imeendelea. Lakini nchi pana yenye vijiji vilivyotawanyika haifanani na kisiwa kimoja.

Shida ya nne, wasikilizaji wetu, ni ridhaa ya watu, na labda hii ndiyo iliyo kubwa kuliko zote. Dawa ya kawaida mtu huambiwa, akakubali au akakataa. Lakini maji ya bomba ni ya wote. Huwezi kumpa jirani floraidi na kumwacha mwenziwe wa nyumba ya pili. Basi nani ana haki ya kutia kitu katika kikombe cha kila mtu? Katika Uholanzi mji wa Tiel ulianza kutiliwa floraidi mwaka 1953 kwa majaribio, na miji mingine ikafuata. Watu wakashtaki, na mwaka 1973 Mahakama Kuu ya nchi ikaamua kwamba hapakuwa na sheria iliyowapa watoaji wa maji ruhusa hiyo. Kazi ikakoma. Haikukoma kwa sababu meno hayakufaidika, bali kwa sababu waliokuwa na haki ya kuulizwa hawakuulizwa kwanza. Katika Marekani, mji wa Portland wa jimbo la Oregon ulipiga kura mwaka 2013, na waliokataa wakashinda.

Mji wa Calgary katika Kanada una habari ya kutuonya pande zote mbili. Ulianza kutia floraidi mwaka 1991, baada ya wananchi kupiga kura ya kukubali. Mwaka 2011 madiwani wakaikomesha. Mojawapo ya sababu ilikuwa gharama ya kuutengeneza upya mtambo uliochakaa. Baadaye wachunguzi wakalinganisha meno ya watoto wa Calgary na ya watoto wa Edmonton, mji ambao haukuacha, wakaona kuoza kumezidi Calgary. Mwaka 2021 wananchi wakaulizwa tena, na watu 62 katika kila 100 waliopiga kura wakataka floraidi irudi. Lakini mtambo wa kale haukufaa tena. Ilibidi kujenga upya, na floraidi haikurudi katika maji mpaka mwaka 2025. Tazameni basi: kuacha kulikuwa neno la siku moja barazani, na kurudi kukachukua karibu miaka minne. Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mji usiokuwa na nia ya kutunza mtambo miaka 30 heri usianze.

Shida ya tano ni kwamba elimu haisimami mahali pamoja. Mwaka 1945 watoto wa Grand Rapids hawakuwa na dawa ya mswaki yenye floraidi. Siku hizi dawa hiyo yauzwa karibu kila duka. Kwa hiyo faida ya maji imepungua. Uchunguzi wa jumla uliotolewa mwaka 2024 na wataalamu wa Cochrane ulionyesha kwamba, kwa hesabu zilizokusanywa baada ya mwaka 1975, faida kwa meno ya utotoni ni kama robo ya jino moja kwa kila mtoto. Ni faida, lakini si ile ya zamani. Kwa sababu watu wapata floraidi kwa njia nyingi, mwaka 2015 Wamarekani waliteremsha kipimo chao kikawa 0.7 mahali pote. Tena mwaka 2024 idara moja ya serikali yao ichunguzayo sumu ilisema kwamba maji yenye zaidi ya miligramu 1.5 katika lita yaonekana kuambatana na upungufu wa akili za watoto. Juu ya kipimo cha 0.7 ilisema habari hazitoshi kuamua. Watu wengi walichanganya tarakimu hizo mbili, wengine kwa hofu, wengine kwa siasa. Mwaka 2025 majimbo ya Utah na Florida yakapiga marufuku kutia floraidi katika maji ya mabomba. Mji wa Basel katika Uswisi ulichukua njia nyingine: ulitia floraidi katika maji tangu 1962, na mwaka 2003 ukaacha, kwa kuwa chumvi ya chakula yenye floraidi ilikuwa ikiuzwa, na kila mtu aweza kuchagua pakiti aitakayo.

Sasa na turudi kwetu. Huenda mtu akasema, "Habari hizi ni za Wazungu, sisi zatuhusu nini?" Zatuhusu sana, ila kwa upande wa pili. Katika Bonde la Ufa na kandokando ya milima ya moto, Mungu ameiweka floraidi ndani ya maji bila kuamriwa na baraza lolote, nayo imezidi. Sisi walimu tuliopata kufundisha watoto watokao chini ya Mlima Meru twawajua kwa kicheko chao: hucheka huku wamefunika kinywa kwa mkono. Meno yao yana rangi ya kahawia, na mengine yamemomonyoka. Mahali floraidi ilipozidi sana hata mifupa hudhurika, miguu ikapinda. Watoto hao hawakufanya kosa lolote. Walikunywa maji ya kijiji chao. Tena magadi, ambayo mama zetu hutia katika sufuria ili maharagwe na kande vilainike upesi, nayo yaweza kuwa na floraidi nyingi. Mtu aweza basi kuchota maji mema na kuyaharibu jikoni.

Hapa napo twaona kwamba amri ni nyepesi na kazi ni nzito. Katika miaka ya 1970 Tanzania ilikubali kwa muda hata miligramu 8 katika lita, kwa sababu vijiji vingi havikuwa na maji mengine. Baadaye kipimo kikateremshwa kuwa 4, na kisha 1.5, kama Shirika la Afya Duniani lishaurivyo. Kila mara tarakimu ilibadilika katika karatasi, na maji ya kisima yakabaki vile vile. Ili maji nayo yabadilike, lazima kutafuta chemchemi nyingine, au kuchanganya maji mabaya na mema, au kuyachuja. Katika kituo cha Ngurdoto, karibu na Arusha, wataalamu wametengeneza machujio ya mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na Nakuru katika Kenya kazi ya namna hiyo imefanywa pia. Mkaa huo huishika floraidi vizuri. Lakini mifupa isipochomwa sawasawa, maji hunuka na watu huyakataa. Na chujio likisha kushiba halitoi ishara yoyote. Maji hupita kama kawaida, meupe na matamu, na floraidi yake yote imo. Mama adhani bado amwokoa mtoto wake, na kumbe miezi mitatu sasa hachuji kitu. Hapo twarudi palepale tulipoanzia: kitu kisichoonjeka lazima kipimwe, na lazima awepo mtu wa kupima.

Basi tukusanye maneno yetu. Iwe twaitia floraidi au twaitoa, maswali ni yale yale. Je, maji ya mahali hapa yamepimwa, au twafuata tarakimu ya nchi nyingine? Je, yupo fundi aliyefundishwa, na wa kumpokea asipokuwapo? Je, fedha ya mwaka wa 10 imefikiriwa, au ile ya sherehe ya ufunguzi tu? Je, watu wanaokunywa maji haya wameelezwa kwa lugha yao, wakaulizwa? Na elimu ikibadilika, je, tu tayari kubadili kipimo pasipo kuona haya? Baraza lililoyajibu maswali haya kabla ya kuandika amri litaiona amri yake ikitendeka. Lililoandika kwanza na kuuliza baadaye litaikuta imelala kabatini.

Nasi watu wa nyumbani tunayo kazi yetu. Tuulize maji yetu yana floraidi kiasi gani. Afisa wa maji hana haki ya kutuficha. Mahali ambapo imezidi, watoto wachanga na wale ambao meno yao ya ukubwani hayajaota ndio wa kwanza kupewa maji mema, hata kama ni ya mvua yaliyokingwa paani, maana mvua haijapita katika mawe. Magadi tuyapunguze. Tena popote tulipo, sukari na ituogopeshe kidogo na mswaki ututumikie kila siku. Hayo hayangoji sheria ya mtu yeyote.